Mwanao Nimemtoa Shimoni

Ngamiani, Tanga
Jumatatu, 11 Oktoba 1954

Mpendwa kaka yangu Sadalla,

Mwanao nimemtoa shimoni kwa mikono yangu miwili, mchana kweupe, mbele ya Mama na Bi Asmahani na wanawake wengine wa mtaa, na nimewapigia kelele. Mimi Uweso. Mie ambaye nikipita mbele ya wanawake wawili natazama vidole vya miguu yangu. Juzi nimewapigia kelele mpaka kuku wakatawanyika uani, na hata leo hasira haijanishuka. Ndiyo maana unaona herufi zangu zinapanda na kushuka. Usizicheke.

Hata salamu sijakupa. Shikamoo kaka. Hujambo? Shangazi Saleha unayekaa kwake huko Mombasa hajambo? Kifua chake kimepoa? Na kazi ya bandarini inakwendaje, na lile bega lako lililokuwa linakuuma? Sisi huku wazima. Mama mzima. Mvua za vuli bado, vumbi tupu. Mkeo Mastura mzima. Mwanao Jumbe mzima, na hapo nilipoandika mzima nataka usome polepole, kwa kuwa wewe umeambiwa si mzima. Haya, salamu zimekwisha.

Nianze na hilo shimo. Unajua Mama anavyofanya mtoto akichelewa kukaa. Wewe mwenyewe labda ulikalishwa hivyo. Nyuma ya jiko, pale panapoanikwa vyungu, alichimba shimo la kiasi cha ndoo, akatia mchanga wa pwani uliopata jua, akamtumbukiza mtoto mpaka kiunoni, akamshindilia kanga pembeni asiyumbe. Mtoto anasimikwa humo kama mche wa mnazi. Kwa mtoto mwenye nguvu zake sisemi neno, nimewaona wengi wamekaa humo wanacheza na mwiko na kucheka. Lakini Jumbe alikuwa hajakaza shingo. Kaka, shingo! Wao walimfunga kiuno, na kiuno hakikuwa na taabu yoyote. Kichwa kikaenda mbele puu, kidevu kikaingia kifuani, kikabaki hukohuko. Wao wanapiga makofi. Bi Asmahani anaimba, "Kaa bwana Jumbe, kaa, baba yako anakuja!" Na mie niko upenuni nawamba kitanda cha watu, naona midomo ya mtoto inabadilika rangi. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba halii.

Nikaiachia kamba, ikalegea yote niliyokuwa nimeivuta tangu asubuhi. Nikamchomoa mtoto na mchanga wake na kanga yake. Akavuta pumzi ndefu, ndipo akalia. Wallahi sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

"Mtoto shingo hana, mnamkalisha kwa kitu gani?" Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Bi Asmahani akashika kiuno. "Haya jamani, njooni mwone! Mwamba vitanda leo amekuwa mkunga! Umezaa wangapi wewe, Uweso? Hata mchumba huna. Ukimwona msichana unajificha nyuma ya mlango!"

Wakacheka wote. Mama hakucheka. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mweke chini mtoto wa mwenzio." Nikasema simweki. Kaka, Mama kaniambia kitu na mie nimemjibu siyo, tena mbele ya watu. Hilo silisahau, na sijui kama yeye atalisahau.

Sasa nikuulize wewe. Lile shimo nani alilichimba? Jembe kashika Mama, lakini mchimbaji ni wewe. Huyu Haji wa kwenda na kurudi Mombasa kila mwezi, alipokuja mwanzo wa mwezi uliopita, alikaa barazani kwetu, akanywa kahawa yetu, akatoa maneno yako: kama mtoto hajakaa ifikapo Maulidi, mama yake amchukue arudi naye kwao Moa, kwa kuwa ukoo wetu haujapata kuzaa mtoto wa namna hiyo. Maneno hayo Haji aliyasema kwa sauti kubwa kama anapiga mnada. Mastura alikuwa ndani, anapepeta mchele. Mie nilisikia ungo umenyamaza.

Mtoto wa namna gani, kaka? Umemwona wapi? Uliondoka tumbo la Mastura halijaonekana vizuri chini ya kanga. Jumbe kazaliwa mwezi wa Ramadhani, mpaka leo hujamshika, hujamnusa, hujui hata analia kwa sauti gani. Umekaa Mombasa unampimia mtoto siku kama mtu anayengoja embe kuiva. Na Mama, kwa kuogopa kunyang'anywa mjukuu anayemwita mume wake, mjukuu mwenye jina la marehemu baba, kakimbilia jembe ili amkalishe kabla ya Maulidi. Angekuwa na muda asingemsimika mtoto ambaye hata kichwa hajakimudu. Mama si mjinga. Ulimtia haraka.

Najua pia nani alikupelekea habari. Bi Asmahani ana mjukuu wake aliyezaliwa Ramadhani hiyohiyo, na mjukuu huyo anakaa. Sasa anamtembeza mtaa mzima kama bwana harusi. Kila akipita kwetu lazima asimame. "Huyu wenu bado? Eeh, labda ni damu ya Moa." Halafu anaondoka anatingisha bega. Hayo ndiyo Haji aliyokubebea, na wewe ukayapokea mzigo mzima bila kuuliza.

Mie sisemi sana, unanijua. Lakini kazi yangu ni ya kukaa. Mikono inawamba, macho hayana kazi, basi yanaangalia. Toka Jumbe atimize arobaini nimekuwa namwangalia. Siku nzima analazwa chali, kitandani kwa Mama, mto kushoto, mto kulia, asigeuke. Akichukuliwa, anabebwa mbele kama sinia la biriani, mkono wa mtu chini ya kichwa. Mgongoni habebwi, ati uti wa mgongo utapinda. Kisogo chake kimekuwa bapa kama kitako cha chungu, na nywele za hapo zimekwisha. Mtoto yule analijua paa la nyumba yetu kuliko fundi aliyeliezeka. Lakini miguu, kaka! Ukimshika mguu anakupiga teke mpaka unakiri. Mkono wake ukikamata ndevu zangu hizi chache, natoka machozi. Mtoto mgonjwa hapigi mateke namna ile. Nikawa najiuliza, mbona nguvu imejaa huku na huku, imekosekana shingoni tu?

Jibu nililikuta Pongwe, kwenye kambi ya wakata mkonge. Nilipeleka kitanda kwa mtu mmoja wa bara, mkewe jina lake Praxeda, mama wa Kikatoliki, msalaba shingoni, mnene, mcheshi. Nafika nacho, namkuta anatwanga mahindi, na mtoto wake, wa umri wa Jumbe kabisa, yuko chini kwenye gunia, kifudifudi. Nikashtuka. Nikamwambia, "Mama, mtoto ameanguka."

Akaacha mchi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ameanguka kutoka wapi, wewe kijana? Huyo yuko shambani kwake, analima!"

Na kweli mtoto alikuwa kainua kichwa na kifua, kajitegemeza kwa viwiko, ananitazama kama karani wa mishahara. Nikamuuliza yule mama, kwa aibu, natazama chini, kama hawaogopi. Maana unajua kwetu wanavyosema, mtoto akilala kifudifudi anamchimbia baba yake kaburi.

"Baba yake huyu?" akasema. "Hafi! Yuko kule kwenye mkonge, na jioni atakuja kunimalizia ugali wangu wote. Natamani hata kidogo augue tumbo!"

Halafu akaona kwamba sicheki, akanieleza vizuri, kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba mtoto alazwe hivyo akiwa macho, si mara tu baada ya kunyonya, maana atacheua. Muda mdogo, mara nyingi kwa siku, na mtu awe amekaa hapohapo. Akinung'unika aachwe kidogo, akilia ainuliwe. Akisinzia ageuzwe chali, asiachwe uso umezama kwenye nguo. Na kama chini anakataa kabisa, aanziwe kifuani kwa mtu. Nikamwambia wa kwetu shingo imelegea. Akaniuliza, "Wewe mtu mzima ukilazwa chali toka Ramadhani mpaka leo, utainuka?"

Nilirudi Ngamiani nasukuma mkokoteni, hasira imenijaa, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilimwambia Mastura. Aliogopa. "Shemeji, Mama akiona atanitoa humu leo leo. Na Sadalla je? Likimpata jambo huko aliko, nitasema nini?" Unaona? Huyo ndiye unayetaka kumrudisha kwao. Alikuwa anakuogopea wewe, wewe ambaye hukumwogopea. Nikamwambia, basi mie ndiye nitakayemlaza, kama kuna kaburi nitakuwa nimechimba mie. Akafikiri. Kesho yake Mama alipokwenda sokoni na mikate yake ya mofa, Mastura akaniletea mtoto upenuni, akaenda kusimama mlangoni akitazama njia.

Chini mkekani alilia kama mbuzi. Kajiangukia na pua, kapiga chafya, kalia. Nikamwinua. Nikalala chali kwenye kitanda nilichokuwa nimekimaliza, kamba bado mpya, imekaza, haibonyei. Nikamweka kifuani. Akanyamaza. Nikamwambia, "Haya bwana, mie ndiye baba yako mdogo." Akasikia sauti inatoka chini yake, akataka kujua ni nani. Akainua paji la uso kidogo tu, kiasi cha kupitisha kidole, likaanguka likanigonga mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo. Nikamwambia pole. Akainua tena. Kaka, yule mtoto wa namna hiyo aliinua tena, hakuna aliyemlazimisha.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Kila Mama akitoka, tunalima. Baadaye akaukubali mkeka. Ukimlaza unamwona anahangaika, anavuta magoti, anasukuma kwa kiganja, anafungua macho makubwa, halafu kichwa hicho kinapanda kinatikisika kama cha kobe. Anakitua. Anapumzika, mate yanamtoka. Anapanda tena. Mastura alikuwa anaangalia kutoka mlangoni, kanga mdomoni, na nilimwona anacheka bila sauti. Tangu Haji anywe kahawa yetu sikuwa nimemwona anacheka.

Siku tuliyokamatwa Mama alisahau kawa la kufunikia mikate, akarudi kwa mlango wa uani. Kwa hiyo akatukuta. Na alivyotukuta, kaka, ndiyo mbaya zaidi. Mie nami nilikuwa nimelala kifudifudi, mbele ya mtoto, tunatazamana pua kwa pua, kwa kuwa nilikwisha kugundua kwamba akiniona machoni anakaa juu muda mrefu zaidi.

Kawa likamwanguka. "Wawili!" akapiga ukelele. "Mnamchimbia mwanangu wawili!" Akamnyakua mtoto, akamgeuza, akamkumbatia, na machozi yanamtoka. Halafu akanigeukia akasema, "Kwa baba yako hukutosheka wewe?"

Hapo hapo akajiziba mdomo. Lakini lilikwisha kutoka.

Nikamuuliza maana yake nini. Hakutaka kusema. Nikauliza tena, mpaka akasema, ametazama ukuta. Kwamba mie nilipokuwa mchanga nilikuwa silali ila kifudifudi. Wakinigeuza nalia, wakiniacha najirudisha. Na mwaka huohuo baba akaanguka toka mnazini.

Basi nikajua. Miaka yote hii nimekula naye sahani moja, na kila akinitazama analiona hilo. Na wewe ulikuwa mkubwa, kaka. Ulikuwa unajua. Tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, nikigeuka kifudifudi ulikuwa unanipiga teke unanirudisha chali, nami nikadhani unanifanyia utani wa ndugu. Kumbe ulikuwa unajilinda na mimi! Kwa nini hukuniambia? Ulidhani nitavunjika? Hasira yangu nyingine yote kwako ningeweza kuimeza, hii siwezi. Mtu unaambiwa kimyakimya maisha yako yote kwamba umeua, na hukumu yenyewe huisikii, unaiona machoni mwa watu tu, halafu wanashangaa kwa nini una haya.

Sikiliza. Mie sikusoma zaidi ya herufi hizi, hilo la shule ni lako. Lakini mie ni mtu wa kamba. Baba alikuwa mkwezi, na alianguka kwa kuwa kamba yake ya miguuni ilikatika. Hilo tunalijua wote. Kamba hiyo Mama hakuitupa, iko darini mpaka leo, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na kofia yake. Nikapanda nikaishusha. Nikaikunjua juani. Pale penye fundo, makumbi yamekuwa meusi, yameoza tangu ndani, na kwa nje palipakwa mafuta ya nazi kufanya pang'ae. Kamba kama ile mimi nisingeiwambia hata kitanda cha paka. Kamba ikikatika, kaka, imekatika kwa sababu ya kamba. Hakuna tumbo la mtoto lililoigusa. Nikampelekea Mama, nikamwekea mapajani, nikamwonyesha pale palipooza. Akapapasa, akapapasa. Akaikunja, akairudisha kwenye kitambaa chake.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake, mapema, nikasikia jembe nyuma ya jiko. Kumlaza mtoto kifudifudi hawezi, kwa ajili yako. Kungoja pia hawezi, kwa ajili yako. Basi akachimba.

Yaliyofuata nimekwisha kukuandikia. Nilipokuwa nimemshika mtoto pale uani, wanawake wanacheka, Mastura akatoka jikoni. Hakupiga kelele. Alimchukua mtoto kwangu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akawa anamfuta mchanga mapajani na kwenye mikunjo ya shingo, polepole, mpaka wakaacha kucheka wenyewe. Halafu akasema, "Mama, nisamehe. Maulidi sisubiri tena. Nakwenda kwa mama yangu Moa. Sadalla akinitaka, njia anaijua." Bi Asmahani akasema, "Ah, mwanangu, usichukie, utani tu." Mastura akamjibu, "Sichukii, Bi Asmahani. Mjukuu wako mzuri, na anakaa vizuri. Sasa kamkalishe kwako."

Hukuwa na haja ya kumfukuza, umeona? Amekwenda mwenyewe. Leo. Lori linalokwenda Moa kuchukua mbata limesimama hapa karibu na soko, linapakia magunia matupu, nami nimekaa juu ya mzigo wa Mastura naandika kwenye goti. Nakwenda nao. Mwanamke na mtoto mchanga hawasafiri peke yao kama magunia. Tena Mama Mwamvua, mkweo, ana shamba lake, hashindi nyumbani, na huko nako wanaogopa tumbo kama wanavyoogopa huku. Nani atakaa mbele ya mtoto? Nimebeba kamba zangu. Moa nao wanalala vitandani.

Lakini kuna la asubuhi ya leo, na hili ndilo nataka ulishike kuliko yote.

Tulipokuwa tunatoka, Mama alitaka kumuaga mjukuu wake. Tangu juzi alikuwa hasemi na mimi. Akamchukua Jumbe, akamweka begani kama wanavyobebwa wakicheuliwa. Na mtoto akaegemeza kiganja kwenye mtulinga wa Mama, kama alivyozoea kwangu, akasukuma. Kichwa kikapanda. Kikatikisika. Kikakaa. Akamtazama Mama usoni, akakitazama kipini chake cha pua, akamtazama tena machoni. Muda mrefu, kaka. Haki ya Mungu, hakianguki.

"Mume wangu," Mama akasema, "unanitazama?"

Akazunguka naye uani. Anakwenda, anarudi, kichwa cha mtoto kiko juu kinageuka huku na huku, kinatazama kuku, kinatazama vyungu, vitu vyote ambavyo alikuwa havijui kwa kuwa havikuwa paani. Bi Asmahani akachungulia juu ya ua, maana hakosi. "Vipi, amekaa?"

Mama akamwambia, "Hajakaa. Ameinuka." Basi, na hakumtazama.

Halafu akampa Mastura mtoto, akaingia chumbani. Akatoka na mkeka wake mwenyewe, ule laini wa ukindu wa rangi anaotandika siku za Idi, akausokomeza katikati ya mzigo wetu, akafunga fundo. Ndipo akanisemesha, kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Hapa kwangu sitaki. Huko Moa sitaona."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Nimefika mlangoni akaniita tena. "Uweso. Akisinzia, umgeuze." Sasa niambie hilo alilijulia wapi. Mie sikupata kumwambia. Labda Mastura alimwambia, labda alitusikia. Sikuuliza. Nilitoka mbio nisilie mbele ya utingo wa lori aliyekuja kutuita.

Basi Mama amekwenda mpaka pale awezapo kwenda. Ameliacha shimo, ameutoa mkeka, na kaburi lako analiogopa vilevile. Wewe ndiye pekee unayeweza kumtoa hofu hiyo, hakuna mwingine. Maneno yako yalikuja kwa mdomo wa Haji, nayo yakafika yamevimba. Yangu nimeyaandika, na barua hii nampa Haji huyohuyo leo, anarudi kwako na basi la mchana. Amenikunjia uso, lakini atakuletea. Usimtume tena na jibu. Njoo mwenyewe, na usije Tanga kwanza, njoo Moa.

Na ukija usimbebe mtoto kwa haraka, atakuogopa, hakujui. Tandika mkeka wa Mama, mwache Mastura amlaze. Halafu wewe nawe lala chini mbele yake, kifudifudi, na hilo bega lako la kubebea mizigo, pua yako kwenye ukindu, mtazamane. Akiinua kichwa kukutazama, na wewe bado unapumua, utajua mwenyewe la kumwambia Mama, na la kumwambia mkeo. Kama unaogopa kulala pale, basi ukae hukohuko Mombasa, uandike talaka kwa mkono wako, na usiseme tena kwamba ni kwa sababu ya mtoto.

Nisalimie shangazi Saleha, mwambie akoroge asali na tangawizi kwa hicho kifua. Mama anakusalimu. Hakuniagiza, lakini najua kila anapoinama kuswali anaanza na wewe. Mastura sikumuuliza kama anakusalimu. Jumbe yuko hapa begani kwa mama yake, anatazama tairi. Mwenyezi Mungu akuepushe na winchi na mizigo inayoning'inia, akulete salama kwa miguu yako.

Niache hapa. Utingo anapiga bati, magunia yamekwisha pakiwa, na Mastura hawezi kupanda akiwa na mtoto mikononi. Mie ndiye wa kumpokea Jumbe juu, na ninataka kumpokea vizuri, nisimshike kichwa, ili akishike mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira zangu zote,

Uweso